Ncha Bila Mpini

Kuna watu wanaokusanya stempu, na kuna wanaokusanya picha za watakatifu. Mimi nilikusanya kalamu za wino, zile ambazo kwetu tuliziita stilo. Nilikuwa mwalimu wa wasichana kwenye misheni moja upande wa Mushaki, huko Masisi, miaka iliyofuata vita vya pili vya Wazungu, na wenzangu walipokuwa wakijinunulia vitambaa vya maua, mimi nilikuwa nikijaza sanduku la bati lililowahi kuwa la biskuti. Walinicheka sana. Nami sikuwa mtu wa kuchekwa nikanyamaza. Niliwaambia kitambaa kinachakaa kwa kufuliwa, bali stilo nzuri itamzika aliyeinunua. Nilisema hivyo kwa majivuno tu.

Za zamani zilikuwa nyeusi, za mpira mgumu, zimepaukia kahawia kwa jua. Hizo ulizijaza kwa kudondoshea wino ndani tone kwa tone, na usipokaza kifuniko zilikuharibia gauni. Zilizofuata zilikuwa na kichuma kidogo ubavuni: ukikiinua, kifuko cha mpira kilichomo ndani kinabanwa, ukikiachia, kifuko kinafyonza wino. Kisha zikaja za kisasa, za kijani na za damu ya mzee, zenye kidirisha cha kukuonyesha wino uliobaki. Nyingine nilizipata kwa walowezi wa mashamba ya ng'ombe waliokuwa wakirudi kwao, nyingine kwa makarani waliopenda vitu vipya, nyingine katika maduka ya Sake zikiwa zimeota vumbi. Na nyingine zilitoka kwa wafu.

Asiyeandika kwa stilo hajui jambo hili: ncha inalika. Mwaka baada ya mwaka karatasi inaisaga upande ule ule ambao mwenyewe anaulalia, mpaka inamkubali yeye tu. Mtu mwingine akiishika, inakwaruza. Lakini ukiwa na subira, ukaigeuza kidogo huku, ukaiinamisha kidogo kule, ghafla inateleza. Maana yake umeishika kama alivyoishika yule. Kiwiko chako kimekaa pale alipokiweka yeye, na bega lako limeshuka kama lake. Nilikuwa nikifanya hivyo jioni baada ya masahihisho, naandika mistari ya bure kwa mkono wa karani nisiyewahi kumwona, na mwili ulinisisimka. Niliogopa, na nilipenda kuogopa.

Sasa niieleze desturi ya kilimani kwetu, Burungu, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka. Sisi ni wakulima wa maharagwe na mihogo, Wakristo tangu enzi za babu, lakini mtu akifa jembe lake linavuliwa mpini. Chuma kinabaki kwa watoto, wakitie mpini mwingine, waendelee kulima. Mpini wenyewe, ule uliolainishwa na viganja vyake, unalazwa kaburini pamoja naye, kwa sababu ndio uliomzoea na hauwezi kuanza upya na mtu mwingine. Ukiingia nyumba ya watu ukaona chuma cha jembe kimeegemea ukuta bila mpini, unavua kofia na kutoa pole kabla ya kuuliza lolote.

Karani mmoja wa kilimani alipofariki, mjane wake hakujua stilo ifanyiwe nini, akaifanyia kama jembe. Alichomoa ncha, akaizika kalamu iliyobaki pamoja na mumewe, na ncha akaniletea imefungwa katika jani la mgomba, kwa kuwa alisikia mwalimu anazipenda. Wajane wengine wakafuata. Basi fikiria mkusanyaji mwenye akili timamu anavyoumia: kalamu nzuri za zamani zimelala udongoni Masisi nzima, na mimi nimebaki na ncha zake! Nikawa nazitia kwenye kalamu nyingine, kila moja na ile inayoikubali.

Mama hakupenda.

“Chuma ya jembe haisemi,” aliniambia siku moja, akinitazama nikiandika kwenye meza ya jikoni. “Hii yako inasema. Unamupa mufu mupini mupya, halafu unakaa kumusikiliza.”

“Mama, ni kipande cha dhahabu tu.”

“Siku moja atakuomba kitu,” akasema, akarudi kutwanga sombe, majani yake ya muhogo.

Tulikuwa wawili tu kwa Mama, mimi na kaka yangu. Baba alikufa tungali wadogo. Kaka ndiye aliyenipa stilo yangu ya kwanza, na yeye mwenyewe alikuwa na ya kijani kizito aliyoipenda kuliko viatu vyake. Alikuwa karani kwenye machimbo ya kasiteriti, yale mawe meusi mazito, kule chini msituni Walikale. Kila alipokuja likizo mfuko wa shati lake ulikuwa na doa la wino, kwa sababu kalamu iliyojazwa kwenye joto la msituni ikipandishwa mlimani hewa ya ndani inatanuka na kuusukuma wino nje. Alinieleza hivyo mara nyingi. Mama alisema kalamu inalia kwa furaha ya kuona nyumbani, nasi tulimwachia maelezo yake.

Kisha barua za kaka zikakoma. Msimu wa mvua ukapita, barabara ikakauka, bado kimya. Niliwauliza madereva wa malori, nikawauliza makatekista wanaotembea hadi huko. Mmoja alisema kaka amehama machimbo, mwingine alisema hajawahi kumsikia. Mama hakuuliza mtu. Alikaa mlangoni akitazama njia, na nilimwona anavyokonda. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, kaka yangu awe hai, na kila asubuhi niliamka nikitaka kitu hicho hicho.

Wakati wa likizo ya shule nilipata lori hadi Kalembe, kwenye mpaka wa Masisi na Walikale, siku ya soko. Nilikwenda kutafuta habari. Lakini jicho la mkusanyaji halina adabu hata katika shida, na liliangukia kitambaa cha mchuuzi mmoja mwenye vifungo, nyembe na shanga. Katikati ya vifungo ililala ncha ya stilo.

“Hii ilitoka wapi, Papa?”

“Kule chini, Mama. Watu ya Walikale njo walileta.”

“Na stilo yenyewe iko wapi?”

“Ilikuya vile tu. Hakuna ingine kitu.”

“Aliyeleta ni nani?”

“Miye nauzisha, Mama. Siulizi watu majina yao.”

Nilimpa mkasi wangu wa kushonea, naye akaridhika. Nilikwenda kukaa kwenye gogo nyuma ya soko, nikatoa katika mkoba kalamu isiyo na ncha na kichupa cha wino, vitu ambavyo sikuwahi kusafiri bila kuwa navyo. Ukungu ulikuwa umeshuka, ingawa ilikuwa bado mchana, na sauti za sokoni zilinijia kama zinatoka chumba kingine. Nikaitia ile ncha, nikaichovya, nikajaribu kwenye karatasi iliyofungiwa chumvi. Ilikwaruza. Nikaigeuza. Ikakwaruza. Nikakilaza kiwiko mbali na mwili, nikaibana kalamu karibu kabisa na ncha, namna mbaya ambayo walimu wa misheni walimpigia mtoto mmoja tu ninayemjua bila kumbadilisha. Ikateleza.

Niliandika neno moja, kisha jingine. Mikia ya herufi ilikunjwa nyuma kama kulabu. Ulikuwa mwandiko wa kaka yangu, unatoka mkononi mwangu. Nilikaa pale mpaka dereva akaja kunitafuta.

Nilikuwa nimeamua kumficha Mama. Lakini nani amewahi kumficha mama yake kitu? Alinitazama usoni, akatazama vidole vyangu vyenye wino, akanyoosha kiganja. Nikamwekea ile ncha. Aliigeuza kwenye mwanga wa mlango.

“Ni ya ndugu yako.”

“Ndiyo, Mama.”

“Nani alivua mupini?”

“Hakuna aliyevua! Watu wa msituni hawana desturi yetu, Mama. Labda ililegea tu, ikaanguka, mtu akaiokota.”

“Walitutumia chuma,” akasema polepole. “Kuko muntu kule mwenye roho muzuri. Alijua mwenye hii iko na mama.”

Akainuka. Jembe la kaka lilikuwa limechomekwa darini juu ya moshi, likimsubiri. Alilishusha, akaligonga kwenye kizingiti, akaligonga tena, na chuma kikaanguka kwa mlio. Hapo ndipo alipopiga yowe. Majirani walitoka mashambani wakikimbia.

Walichimba kaburi karibu na la Baba, dogo, la urefu wa mpini. Padri alikataa kuimba misa ya mtu asiye na maiti, na Mama akasema basi ataimba mwenyewe, akaimba. Watu walinyoa nywele. Mimi nilikataa. Nilisimama mbele ya kilima kizima nikasema sitanyolewa kwa ajili ya mtu aliye hai, na shangazi mmoja akanipa kofi la haki. Sikunyoa. Lakini usidhani nilikuwa na uhakika. Nilikuwa na shingo ngumu tu, na hofu.

Niliporudi misheni niliandika na ncha ile kila siku. Sitaki kutia chumvi, kwa hiyo nitasema lililotokea, si zaidi. Siku moja baada ya masomo nilinakili sala darasani peke yangu. Nilifika mwisho wa mstari, nikakusudia kuinua mkono. Mkono haukuinuka. Ulivuta mstari mfupi wenye mawimbi mawili, ule ambao kaka alikuwa akiuchora chini ya jina lake. Huenda ni mazoea ya macho, nimesoma barua zake nyingi. Nilijiambia hivyo huku nikifunga madirisha, na nilitembea haraka hadi walipokuwa watu wengine.

Alirudi msimu wa kuvuna maharagwe. Ilikuwa alasiri, ukungu umefunika mabonde hivi kwamba kilima chetu kilibaki peke yake, na mimi na Mama tulikuwa uani tukipura maganda kwa fimbo. Watoto waliokuwa njiani walinyamaza kwanza, halafu tukawasikia wakikimbia. Mtu akatokeza kwenye ukungu, mwembamba, shati limemzidi, mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Akasimama mbali, pale migomba inapoishia. Roho yangu ilimtambua kabla ya macho. Nilitaka kukimbia nimrukie, na miguu ikakataa kabisa.

“Mama,” akasema. “Ni miye.”

Mama hakusimama. Fimbo ilikuwa bado mkononi mwake.

Njiani, chini ya kilima, watu walikuwa wamemwambia kwamba amezikwa. Wanawake wawili walitupa vikapu vyao walipomwona, na mzee mmoja alimsihi kwa jina la Mungu asimfuate nyumbani. Kwa hiyo alikuja amejiandaa kuthibitisha kwamba yeye ni yeye, na masikini, alifikiri amebeba ushahidi wa kutosha. Akatia mkono wa kushoto mfukoni, akatoa stilo ya kijani kizito.

“Ona, Mama. Stilo yangu. Iko ile ile.”

Akakishika kifuniko kwa meno, akakivua, akamwonyesha. Ndani palikuwa na tundu jeusi tu.

Nilimwona Mama akiitazama. Katika maisha yake yote alikuwa ameona watu wa aina mbili: walio hai, wenye majembe mazima, na waliokwenda zao na mpini bila chuma. Mbele yake alisimama mtoto aliyemlilia na kumzika, anamnyooshea mpini.

“Amekuya na mupini yake,” alinong'ona.

Aliweka fimbo chini kwa adabu, akaingia ndani, akafunga mlango. Kisha akazungumza kutoka ndani, sauti ya upole, akimwita Papa kama anavyoitwa mgeni wa heshima aliyekosea nyumba.

“Papa, tulikulilia muzuri. Hatukukunyima kitu. Rudia ulale.”

Ndipo miguu yangu ikapona. Nilimkimbilia kaka, nikamshika mabega, yalikuwa ya moto, yana jasho, yananuka safari. Nililia na kucheka. Halafu hasira ikanipanda, nikaupiga mlango kwa ngumi zote mbili. Nikapiga kelele kwamba ni mzima, aje amguse, ana homa na njaa na chawa, wafu hawana chawa! Mlango haukufunguliwa.

Yaliyompata hayakuwa na siri yoyote. Jiwe lilianguka machimboni likampondaponda mkono wa kulia, akabaki na vidole viwili. Karani asiyeweza kuandika akawa si karani. Aliona aibu kumwomba mtu mwingine amwandikie barua, yeye mwenye mwandiko mzuri vile kumtamkia mwingine maneno kama mzee asiyesoma. Alipougua aliing'oa ncha kwa kuwa ni dhahabu, akaibadilisha na unga wa muhogo. Ile kalamu yenyewe hakuna aliyeitaka, naye aliipenda, akabaki nayo. Nilimweleza Mama haya yote, neno kwa neno, zaidi ya mara moja. Alisikiliza akitikisa kichwa kwa huruma.

“Wafu nabo biko na maneno yabo,” akasema.

Siku iliyofuata nilileta ncha, nikairudisha kwenye kalamu ya kijani. Iliingia bila kulazimishwa. Nikajaza wino, nikampa kaka. Alijaribu kuishika kwa vidole viwili, ikaanguka. Akajaribu kwa kushoto, ikakwaruza karatasi ikaitoboa. Akanirudishia. “Wewe andika,” akasema. Nikaandika jina lake kwa mwandiko wake, na mawimbi mawili chini yake, na yeye akainama juu ya bega langu akitazama kwa muda mrefu.

“Njo miye uyu,” akasema, akionyesha karatasi.

Sikupenda alivyosema kwamba yeye ndiye yule wa kwenye karatasi. Nilimpeleka Mama ile kalamu ikiwa kamili, nikamwambia aone, chuma na mpini vimekutana tena. Hakutaka hata kuishika. Jembe la marehemu, alisema, halirudishiwi mpini wake, na anayejaribu anachimba anachokijua mwenyewe.

Kaka alijenga kibanda upande wa pili wa migomba. Kilima kilimzoea. Baada ya muda watu walimpa ng'ombe wao achunge, wakamtania kwamba amekula kilio chake mwenyewe, wakampa sehemu ya kasigisi, pombe ya ndizi, kwenye harusi. Mama peke yake hakubadilika. Wala hakumtendea vibaya, hapana. Kila alasiri alimwekea chakula kwenye jiwe nje ya ua, pale pale ambapo kwa miaka alikuwa akimwekea Baba kipande cha muhogo bila kumwambia padri. Kaka alingoja aingie ndani, kisha alikuja akala. Niliwaambia wote wawili wana wazimu. Mama alijibu kwamba mtoto wake marehemu ni mpole, hamsumbui mtu, na wachache wamebarikiwa hivyo.

Kilichonitisha hakikuwa Mama. Kilikuwa kaka mwenyewe. Mwaka baada ya mwaka alianza kutembea bila kishindo. Aliacha kupita mbele ya nyumba. Asubuhi za ukungu nilimkuta amesimama kwenye migomba, hatikisiki, anamtazama Mama akifagia ua, na Mama anafagia akiimba kidogo kama mtu anayejua anatazamwa. Aliacha kucheka, akaacha kukasirika. Nilipokuja likizo nilikuwa namshika bega kwanza kabla ya salamu. Naona haya kusema kwa nini.

Uhuru ulikuwa bado haujaja Mama alipougua kifua. Alikuwa amekwisha kabisa, mdogo kitandani. Siku hiyo mchana tulikuwa tumeacha mlango wazi apate hewa, nami nilikuwa nampangusa uso, alipofungua macho.

“Ule wa inje yuko wapi?”

“Yuko, Mama.”

“Umwambie aingie sasa.”

Nilitoka nikikimbia. Moyo wangu ulikuwa unaimba. Nilijua hatimaye amekubali. Nilikuwa nimelipigania jambo hilo kwa miaka, kwa kelele na kwa machozi, mtu mmoja dhidi ya kilima. Kaka alikuwa pale kwenye migomba. Alipofika kizingitini alisita, akainamisha kichwa, akaingia nyumba ya mama yake kwa mara ya kwanza tangu arudi.

Mama alimtazama usoni bila hofu yoyote. Akatabasamu, na tabasamu hilo sikuwa nimeliona tangu barua zilipokoma.

“Umekuya kunichukua,” akasema.

Kaka akanigeukia. Nilitikisa kichwa. Nilimwomba kwa macho, kwa mwili mzima: mwambie, hii ndiyo nafasi, mwambie u hai. Neno moja tu. Alinitazama kwa upole, kisha akapiga magoti kando ya kitanda.

“Ndiyo, Mama. Nimekuya.”

“Njia iko mubaya?”

“Hapana. Iko muzuri. Nitakushika mukono.”

Mama akampa mkono, na kaka yangu akaushika mpaka ukapoa.